Majoho Nyuma ya Mlango

Jumatatu, 13 Januari

Majoho manne leo. Haroub kayapandisha mwenyewe, yamo ndani ya nailoni, bado yana joto la mashine. Shaaban inakuja. Kila mtu anataka kuoa kabla ya Ramadhani, utadhani wanawake watakwisha. Nimeyatundika nyuma ya mlango chumbani kwa mwanangu Asya maana kwangu pamejaa. Kazi ni ile ile: kukaza uzi wa dhahabu uliolegea kwenye ukosi na mikono, kisha kuyafukiza udi. Joho lililopita mikononi mwangu halimfikii bwana harusi bila ya udi.

Haroub ana draiklina yake ya kusafisha nguo chini, kwenye ghala la zamani la nyumba hii. Amehamia hapa mwezi uliopita kutoka Darajani. Baba yake alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, na yeye ananiita mama. Mkewe humletea chakula kila mchana. Huko Darajani akiingia mpaka ndani, wakila pamoja. Hapa haingii. Anaweka kikapu kwenye baraza ya pembeni, anageuka, anakwenda zake. Wamegombana. Au kaoa mke wa pili. Nitajua tu.

Asya hajambo. Wiki ya pili yuko kwangu. Miezi saba sasa. Mimba mbili za mwanzo ziliharibika, hii imeshika. Mtoto wa kwanza mtu humzalia kwa mama yake, ndiyo ada yetu, ingawa mkwewe huko Jambiani alitaka abaki. Bi Mize. Alisema mwanamke aliyetulia hahamishwi. Nimeshinda mimi.

Madirisha ya chumba chake nimeyafunga. Vumbi lisiingie kwenye majoho, na macho ya watu yasiingie kwa Asya. Mtaa huu una macho.

Jumatano, 15 Januari

Asya kaamka na kichwa. Akalala tena mpaka adhuhuri. Anasema chumba kinanukia kitu kitamu. Nimenusa mito, godoro, kabati. Kweli. Harufu tamu, nyembamba, inapanda puani halafu inakaa ulimini. Si udi. Si marashi yangu.

Nimelifungua furushi alilokuja nalo. Pweza mkavu, mafuta ya nazi, na vipande sita vya sabuni ya mwani, kila kimoja kimefungwa kwa kitambaa cha kanga. Bi Mize analima mwani, na sabuni anaipika mwenyewe. Kaitia karafuu. Nimeinusa mpaka pua imechoka. Sijui ndiyo, sijui siyo. Lakini mwanamke hataki mkwewe aondoke, halafu anampa kitu cha kujipaka mwili mzima kila siku. Kwa nini?

Sina ugomvi na mtu. Lakini kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 16 Januari

Sabuni nimeitupa. Asya nimemwambia imeliwa na panya. Akaniangalia tu.

Jumamosi, 18 Januari

Hakuna nafuu. Kichwa, kizunguzungu akisimama, na leo katapika. Mimi pia kichwa, lakini changu ni presha. Vidole vimekauka na kupasuka. Umri huo.

Majoho matano mengine. Nyuma ya mlango hapana nafasi tena, mawili nimeyatundika juu ya kitanda.

Nilimuuliza Haroub kuhusu harufu.

“Harufu gani tena, mama? Mie nshazowea, sisikii kitu.”

Kajibu upesi mno. Jibu la upesi silipendi. Na hicho kikohozi chake kina mwezi sasa. Marehemu mume wangu akisema mimi hata kivuli changu nakiuliza kinakwenda wapi. Naam. Na ndiyo maana sijaibiwa.

Jumatatu, 20 Januari

Jirani yangu Bi Nunuu kaja kumtazama Asya. Tunatazamana madirisha, ua mmoja, kisima kimoja. Kisima ni wakfu wa babu yake, na hilo hukukumbusha kila ukimwona. Kakaa kitandani, kanusa. Halafu kanivuta ukumbini.

“Hayo mambo ya ruhani, Zuwena. Katika majini, wao ndio wapendao manukato. Kaona mwanamke mzuri, mjamzito, kaja kukaa. Mfukize, mfunike, atakwenda zake.”

Siamini. Lakini pia sikatai. Harufu tamu isiyo na kitu chake, usingizi usiokwisha. Na nani kamtuma? Hapo tena nikamkumbuka Bi Mize. Nimenunua ubani maka.

Jumanne, 21 Januari

Asya yuko hospitali.

Niandike kama ilivyokuwa. Baada ya adhuhuri nilifunga kila kitu, hata chini ya mlango nikatia matambara. Asya kwenye kigoda, chetezo miguuni, makaa mekundu, ubani juu yake. Bi Nunuu alitaka nguo nzito ya kumfunikia, na iwe twahara. Nikachukua joho. Jeusi, zito kuliko yote, Haroub kalileta jana jioni. Nilisema limetoka draiklina, hapana kitu safi kuliko hicho.

Akakohoa. Bi Nunuu akasema huyo anatoka. Akakohoa zaidi, akataka kulisukuma joho. Nikaibana mikunjo kwa mikono yangu miwili, pande zote, moshi usitoke. Mikono yangu mwenyewe. Nikasema vumilia mwanangu.

Akaanguka ubavu. Midomo haina rangi.

Bi Nunuu hakuja hospitali. Alikuwa analia ngazini.

Alhamisi, 23 Januari

Moyo wa mtoto unapiga. Nimesikizishwa, kama farasi mdogo anakimbia. Kifua cha Asya bado kinamuuma. Lakini kichwa hakuna. Kizunguzungu hakuna. Kala wali na mchuzi wa samaki, kataka tena. Kacheka na mgonjwa wa kitanda cha pili.

Siku mbili tu. Dawa hakupewa ila hewa ya kupumulia. Nimefurahi, na kuna kitu hakinikai sawa.

Jumapili, 26 Januari

Jana karudi nyumbani mzima. Nilimtandikia shuka mpya, nikafunga madirisha. Leo saa sita mchana kichwa kimerudi. Jioni katapika.

Nimekaa ngazini nikahesabu watu wote walioingia kwangu tangu jana. Bi Nunuu. Haroub, kaleta majoho matatu. Makame, mume wa Asya, kaja kutoka Jambiani na samaki. Samaki nimempa paka. Kala, kalala, kaamka, kadai mwengine.

Jumanne, 28 Januari

Hospitali tena. Leo daktari mwengine, mwanamke, mdogo kwa Asya labda. Aliisoma karatasi ya Asya. Kisha akaniambia maneno haya, na sitayasahau:

“Akitoka kwako anapoa, akirudi kwako anaumwa. Bibi, kwako kuna nini?”

Damu ilinipanda. Mimi ndiye niliyemzaa. Nilitaka kunyanyuka. Nikaona Asya kainamisha uso, na nikajua kuwa na yeye kashajiuliza hivyo hivyo.

Akauliza kama tumepaka rangi. Kama kuna jenereta karibu, mafuta ya taa, dawa ya kunguni. Hakuna. Anapolala kuna nini? Nguo tu. Nguo gani? Majoho ya watu. Yameoshwa na nini?

Niliposema draiklina akaweka kalamu chini.

Akaeleza taratibu, kama ananifunza kusoma. Ile mashine haitumii maji, inatumia dawa. Dawa inanywewa na nguo. Nguo ikitolewa mapema, haijakauka sawasawa, ile dawa inatoka kidogo kidogo, siku baada ya siku, na harufu yake ni tamu. Chumba kikifungwa inakaa humo. Wewe unaivuta, na mtoto tumboni haachwi nyuma. Nikamwambia habari ya fukizo. Akafumba macho kidogo. Akasema ikikutana na makaa inageuka kitu kibaya zaidi, na kwamba tumshukuru Mungu.

Hakuapa. Alisema hawezi kusema kwa yakini kuwa ndiyo sababu, wala kuhusu zile mimba za mwanzo hawezi kusema kitu, maana hizo ziliharibikia Jambiani. Alisema mtoeni chumba kile leo.

Nilirudi mbio. Majoho kumi na matatu. Kumi na matatu juu ya kichwa cha mwanangu. Niliyatoa yote nikayatundika darini, juu ya paa, kwenye upepo, mpaka nikakosa pumzi. Kisha nikafungua madirisha yote. Watu waone wanachotaka.

Nimejichukia leo.

Jumatano, 29 Januari

Asya kalala chumba cha juu. Kichwa kimepungua. Hakijaondoka. Kwa nini hakijaondoka?

Alhamisi, 30 Januari

Nimeshuka kwa Haroub baada ya alasiri, bila kubisha. Miezi miwili yuko chini yangu na sijawahi kuingia ndani kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa akipanda. Sasa najiuliza kwa nini.

Mashine kuukuu. Inadondosha tone tone kwenye ndoo. Madumu hayana maandishi. Hewa ya humo unaweza kuitafuna, ile ile tamu, na ngazi yetu inaivuta juu kama bomba. Haroub kavaa fulana tu. Mikono yake imechubuka kuliko yangu.

Alikuwa anatoka uani na beseni la matope meusi, yanayobaki chini ya mashine. Nikamfuata. Kuna kishimo kachimba pembeni mwa ukuta. Akamwaga. Nikapiga hatua kutoka kishimo mpaka kisima. Saba.

Nikamuuliza inakwenda wapi.

“Inakauka hiyo, mama. Inakwenda na upepo.”

Nikateka ndoo moja mbele yake. Nikainusa. Nikampa na yeye ainuse, akasema hasikii kitu. Maji ya kisima kile ndiyo tunayotilia udhu. Mfereji wa bomba ukikatika ndiyo tunayoogea na kupikia. Asya kaogea mwezi mzima.

Hapo nikaona kikapu chake cha chakula, kitupu, karibu na mlango. Nikauliza jambo nililokuwa nikijiuliza tangu mwanzo. Mkeo kwa nini haingii ndani?

Safari hii hakujibu upesi.

“Ana mimba, mama. Miezi minne.”

Akakohoa.

“Aliyeniuzia mashine alinambia wajawazito wasikaribie. Mie nikajua ni hapa mashineni tu. Nguo sikudhani. Wallahi sikudhani.”

Sikumtukana. Alijua kuwa kitu hiki kinaua kilichomo tumboni, akamzuia mkewe mtaani kwenye jua, na kila jioni akipanda kwangu na majoho ya moto begani, anamuuliza Asya vipi hali, anamuombea dua. Labda kweli hakudhani. Labda alidhani akaogopa kuuliza, maana kuna harusi. Siwezi kumwona moyo. Lakini simwamini, na sitamwamini.

Nami nilimsingizia mke wa pili.

Jumapili, 2 Februari

Asya ameondoka.

Hapa hapakaliki. Nikifungua madirisha inaingia kutoka uani, nikifunga inapanda ngazini. Nilikwenda nayo siku mbili kichwani nikitafuta njia nyengine. Kumpeleka kwa jamaa Ng'ambo, kupanga chumba. Jamaa wana nyumba ndogo, chumba cha kupanga hakina mtu wa kumwangalia. Kuna mahali pamoja tu penye upepo wa bahari na mwanamke anayejua kuzalisha. Nilipajua tangu siku ya kwanza, nikajifanya sipajui.

Nikampigia Bi Mize.

“Naam.”

Nikamwambia njooni mumchukue mtoto wenu. Nilingoja aulize kwa nini. Aseme nilikwambia. Mimi ningesema. Akauliza kitu kimoja tu: siku hizi anapenda kula nini?

Makame kaja na gari asubuhi. Nimempa pia chupa ya maji ya kisima. Ana dada yake, mtoto wa ami yake, anafundisha kemia chuoni Tunguu, atayapima.

Nguo zote za Asya nilizifua kwa maji ya mfereji na kuzianika darini kwanza. Mlangoni kanikumbatia kwa ubavu kwa sababu ya tumbo. Nilisimama barazani mpaka gari imepinda. Ada yetu imevunjika na mimi ndiye niliyeivunja.

Jumanne, 4 Februari

Majoho nimemrudishia Haroub. Sikushona hata moja. Nilimwambia asiyatoe kwenye mashine yangali na harufu, ayaweke kwenye upepo siku kadhaa. Kasema ndiyo mama. Jioni nikachungulia dirishani: yamo kwenye nailoni, yanapakiwa. Kuna bwana harusi atavaa mojawapo Ijumaa usiku kucha, na bibi harusi atalala karibu yake. Nani atawaambia?

Jumatano, 12 Februari

Jibu limetoka Tunguu. Ile dawa imo majini. Mwalimu kasema maji yale yasinywewe, yasiogewe, wala udhu tusitilie. Na kwamba ikishaingia ardhini haitoki leo wala kesho. Inazama chini kuliko maji.

Nilimwambia Bi Nunuu mwenyewe. Hakusema kitu cha ruhani. Kaenda ndani, karudi na kufuli, kafunga kifuniko cha kisima. Kisha kakaa juu yake. Babu yake alikichimba watu wanywe, wapita njia wanywe, na hakijapata kufungwa hata mwaka wa kipindupindu. Nikakaa naye. Tumezeeka sote wawili kwa siku moja.

Jumatatu, 17 Februari

Sheha, mkuu wa mtaa wetu, kaja, kaangalia kishimo, kaandika. Haroub anasema atahama. Lini? Baada ya msimu. Kila mtu hapa ana harusi yake au ya jamaa yake, hakuna anayetaka kuisikia habari hii kabla ya Ramadhani. Barazani wanasema Zuwena kamhusudu Haroub. Kamnyima kazi kijana wa watu. Eti kamfukiza mwanawe mwenyewe mpaka kazimia, sasa anatafuta wa kumbebesha.

Hilo la mwisho lina ukweli ndani yake, ndiyo maana linauma. Zamani mimi ndiye niliyekuwa nikikaa barazani na kusema watu.

Leo mke wa Haroub kaweka kikapu chake, kabla hajageuka nikamwita. Nikamwambia nguo za mumewe zisiingie ndani, azivulie nje. Akashika tumbo. Hakuwa anajua la nguo. Kaniamkia mara mbili, shikamoo, shikamoo, kama aliyechanganyikiwa.

Jumatano, 26 Februari

Asya kajifungua jana alfajiri. Mtoto wa kike. Makame kasema mdogo, lakini analia kwa nguvu. Bi Mize ndiye aliyempokea na mkunga.

Nimefurahi. Nimelia. Sikuwepo.

Ijumaa, 28 Februari

Nimefika Jambiani baada ya sala. Mwezi ukiandama leo au kesho, Ramadhani. Wanapika vunjajungu, karamu ya mwisho kabla ya kufunga, nyumba nzima inanukia nazi. Madirisha wazi yote.

Nilisimama mlangoni. Asya yuko ndani, namwona, kampakata. Sikuweza kuvuka kizingiti. Buibui langu limelala katika nyumba ile ya mjini. Mtandio wangu, nywele zangu, yote. Nilijinusa. Sikusikia kitu, na Haroub naye hasikii kitu.

Bi Mize katoka jikoni. Nilikuwa nimepanga maneno tangu mjini, hakuyangoja. Aliniangalia. Karudi ndani, kaja na doti ya kanga, na kata ya maji, na kitu kidogo kimefungwa kwa kitambaa cha kanga.

“Hii usiwaachie panya,” kasema.

Asya kamwambia. Bila shaka kamwambia. Nilitazama usoni mwake nikitafuta kejeli, maana hiyo ndiyo kazi yangu niijuayo. Sikuiona. Alikuwa ananingojea tu, kata mkononi.

Buibui nililivua, nikaliacha juu ya kamba nje, karibu na mwani wake unaokauka. Nikajifunga kanga yake. Akanimiminia maji. Nikanawa kwa ile sabuni mpaka viwikoni, mara tatu, ndipo nikaingia kumpokea mjukuu wangu.